Mwaka Niliokula Nje ya Ukuta

Jumanne, tarehe 8 Oktoba. Tangu alfajiri upepo wa vumbi unavuma kutoka upande wa Ihumwa, vumbi jekundu, hata mbuzi wamegeuza migongo yao wote upande mmoja. Mawingu yapo, lakini ni yale ya kupita tu. Nimefunga dirisha na kuweka jiwe juu ya karatasi, na bado kalamu inakwaruza mchanga kila niandikapo mstari.

Dada yangu Nyemo tulimzika wiki iliyopita. Juzi wanawake wa nyumba walinyoa, wanaume wachache wakanyoa, na vijana wengine wakasema wao ni watu wa kanisa, wakabaki na nywele zao. Baadaye mjukuu wa Nyemo, kijana mwerevu ambaye wiki ijayo ataitwa mbele ya Mzungu wa ofisi ya kilimo atazamwe kama anafaa kazi ya ukarani, alinisogelea akachuchumaa kando ya kiti changu. "Shikamoo, babu," akasema. "Naambiwa wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuajiriwa na Mzungu. Mtu akiingia pale mlangoni, afanye nini apendeze mara moja?" Nikamwambia aoge, avae shati lililopigwa pasi, asichelewe, amtazame anayemwuliza, na asijibu zaidi ya alichoulizwa. Yote hayo ni kweli. Akanishukuru akaenda zake. Lakini usiku sikupata usingizi mzuri, maana niliona nimempa maganda ya karanga na karanga zenyewe nimebaki nazo. Aliyekuwa akiijua habari yote ni Nyemo, na Nyemo sasa hayupo. Ndiyo maana naandika. Mimi si msomi. Herufi nilifundishwa ukubwani na watu wa misheni, na walinifundisha kwa haraka. Nikikosea, nitajitahidi nisikosee kwa kujipendelea.

Ilikuwa wakati wa Wajerumani. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na kuendelea mbele, na gari la moshi lilikuwa likilala pale usiku. Wazungu waliokuwa safarini walikula na kulala katika hoteli moja karibu na stesheni, nyumba ya mawe yenye baraza pana na paa la bati, na bati lile likipigwa na jua la saa nane lilikuwa likilia kama linatembewa na ndege. Kwetu, upande wa Ihumwa, uwele ulikauka mwaka ule ukiwa na urefu wa goti. Baba alikuwa na ugonjwa wa kifua, hawezi tena kufuata ng'ombe, na hao ng'ombe wenyewe walikuwa wamebaki wa kuonyesha tu kwamba zizi si la kuku. Asubuhi moja aliniita pale alipokuwa akiota jua, ameegemea ukuta wa tembe, nyumba yetu ya paa bapa. "Ndahani," akasema, "kilindo cha nafaka kimekwisha. Nimeingiza mkono mpaka begani, nimegusa udongo. Nenda huko kwenye reli ukatafute kazi inayolisha watu. Lakini ukiweza usibebe mawe. Wanaobeba mawe wanakula wenyewe chote wanachopewa, na bado wanakufa." Hivyo mbele yangu palikuwa na jambo moja tu: nikipata kazi yenye posho, nyumba yetu itakula, nikikosa, haitakula. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu atakayesoma yafuatayo asije akanihukumu bila kulijua, wala asinisamehe kwa hilo peke yake.

Nilipoondoka nilikuwa na nywele za kijana wa wakati ule. Watoto wa siku hizi hawazijui. Zilikuwa zimesukwa nyembamba kama kamba za kufungia ndama, zikapakwa udongo mwekundu na samli, zikining'inia mpaka mabegani. Nyemo ndiye aliyezisuka, kiangazi kizima, mimi nimekaa chini katikati ya magoti yake naye akinipiga kofi la shingo kila nikisinzia. "Tulia wewe, ng'ombe gani huyu!" alikuwa akisema. "Nikikosea mstari mmoja wasichana watasema dada yake hana macho." Nywele zile hazikuwa zangu peke yangu. Zilikuwa kazi ya mikono yake. Na kwetu nywele hazinyolewi ovyo. Mtu ananyoa akifiwa. Anayekutana njiani na kijana mwenye kichwa kitupu hamsalimu kwanza, anamwuliza, "Ni nani?" maana yake, ni nani aliyekufa.

Mlango wa mbele wa hoteli haukuwa wa watu kama mimi. Nilizunguka nyuma, kwenye jiko, na mzigo wa kuni kichwani, nikakutana na mpishi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mtu mfupi mwenye kichwa kilichonyolewa kinachong'aa kama bakuli lililooshwa, na ulimi usiolala. Watu wote walimwita Mzee Hamisi, ingawa hakuwa mzee sana. Alizitazama kuni, kisha akanitazama mimi. "Kuni nzuri," akasema. "Aliyezibeba ndiye anayetisha. Unatafuta nini, Mgogo?"

"Kazi, mzee."

"Kazi ya mawe iko kule, haijai."

"Baba amenikataza mawe."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Huyu ana baba mwenye akili! Basi sikiliza. Bibi mwenye hoteli anatafuta boi wa mezani, yule wa kwanza ameugua amerudi kwao. Keshokutwa atawatazama wanaotaka. Nikuambie anavyotazama, maana mimi nimewaona wengi wakiingia pale na kutoka. Hakuangalii usoni. Anaanza kichwani, anashuka kwenye kucha, anamalizia miguuni. Akifika miguuni na hujafukuzwa, umekwisha kuajiriwa."

"Na maneno je?"

"Maneno gani? Una Kijerumani, wewe? Kichwa chako ndicho kitakachosema, na kwa sasa kinasema samli. Samli hiyo itadondoka kwenye supu ya watu."

Akanipa mahali pa kulala, kibanda cha kuni nyuma ya jiko, na siku iliyofuata akanipa maji ya moto na kipande cha sabuni, kitu ambacho mkono wangu haukuwahi kukishika. Masikio yangu yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kama ya vijana wote wa kwetu, ndewe zikining'inia. Akanifundisha kuzikunja juu ya sikio zisije zikanasa mpini wa birika. Kisha akanoa wembe kwenye mkanda wake. Hapa nataka niandike sawasawa, neno kwa neno jinsi ninavyokumbuka, maana nimeyarudia maneno haya mara nyingi. Alinishika utosi, akasita, akasema, "Kwenu hakuna neno? Maana nyinyi Wagogo kila kitu kina neno lake." Nikajibu, "Hakuna neno, mzee." Akaanza kunyoa. Kwa hiyo asilaumiwe Mzee Hamisi. Kwake kichwa kilichonyolewa ni usafi, ni kama sahani iliyosuguliwa. Kila wiki alijinyoa mwenyewe akaenda kuswali. Aliniuliza, nami nikamjibu. Nywele zilianguka miguuni pangu moja moja, nzito kwa udongo, zikitoa sauti ndogo zilipogusa chini. Nilipotaka kuziokota, akanizuia. "Acha, zitawashia moto vizuri," akasema, na kweli ziliwasha.

Asubuhi ya kutazamwa tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Petro, kijana wa misheni aliyetembea kutoka upande wa Mpwapwa, amevaa shati jeupe lililoshonwa kiraka kwapani kwa uangalifu sana. Alinisalimu vizuri, akaniuliza nimetoka wapi, akaniambia ana mke. Alijua kusoma. Nasema tangu sasa kwamba kwa haki yeye ndiye aliyestahili kazi ile. Tuliingizwa katika chumba cha kulia. Sikuwahi kuona chumba ambacho hakina kazi nyingine ila kulia chakula. Meza ilikuwa ndefu kuliko tembe la jirani yetu, imefunikwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mistari. Ukutani saa kubwa ya mbao, picha ya mfalme wao mwenye masharubu yaliyosimama, na kioo kirefu kama mtu. Palinuka nta, kabichi na tumbaku baridi. Bibi aliingia na funguo zake kiunoni, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko, mwanamke mrefu mwenye uso wa mtu aliyeamka mapema maisha yake yote. Hakuwa mkali kama watu walivyosema, wala hakuwa mpole. Alikuwa na haraka.

Alianza na Petro. Akamtazama kichwani: nywele fupi, zimechanwa, sawa. Kucha: sawa. Akampa chupa asome karatasi yake, akasoma, na Bibi akainua nyusi. Kisha akatazama chini. Miguu ya Petro ilikuwa imepasuka visigino kwa safari, na katika nyufa mlikuwa na damu iliyoganda na vumbi, kwa sababu hakuna aliyempa maji ya moto wala kibanda cha kuni. Bibi akatazama sakafu yake iliyopigwa nta, akatazama miguu ile, kisha akanigeukia mimi. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu akakizungusha polepole, kama mwanamke anayepima chungu kabla hajakubali kukichukua. Akageuza kucha zangu. Akatazama miguu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kifupi, "Wewe unajua nini?" Nikajibu, "Najua kunyamaza, bibi." Akacheka, mara moja tu, kama mtu aliyekohoa, akasema, "Huyu."

Jibu lile halikuwa langu. Mzee Hamisi alinipa usiku wa kuamkia siku ile, tukiwa tunamenya viazi. Kichwa kilikuwa kazi ya Mzee Hamisi, miguu ilikuwa maji yake, na jibu lilikuwa lake. Sijui ni kipi changu kilichompendeza Bibi, labda urefu. Petro alinipa mkono, akasema, "Mungu akubariki, ndugu," akatoka. Baadaye nilisikia yuko kwenye mawe. Nilipobaki peke yangu mle chumbani nilijiona kwenye kioo mara ya kwanza, na niliyemwona alikuwa kijana aliyefiwa. Nilimtambua upesi, kama unavyomtambua mtu wa kwenu sokoni. Nilijua hapo hapo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua. Lakini vilevile furaha ilinijaa, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja ndani yangu bila kugombana. Hilo ndilo linaloniogopesha hata leo.

Baada ya wiki mbili nilipewa ruhusa ya Jumapili na posho yangu: mchele, unga wa mtama na chumvi. Nilitembea kwa miguu myepesi. Nyemo alikuwa juu ya paa la tembe akianua mboga alizokausha, akaniona nikiwa mbali. Sikumwona usoni, niliona tu mikono yake ikipanda kichwani, kisha nikasikia sauti: "Ni nani? Ndahani, ni nani?" Mama akatoka mbio. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa akishika mila za nyumba yetu, akatoka nyuma yake akifunga nguo kiunoni, tayari kulia. Wote walidhani nimeleta habari ya kifo cha ndugu fulani kule mjini. Nikapiga kelele, "Hakuna aliyekufa! Nimepata kazi!" Nikainua mfuko wa unga ili wauone. Wakasimama. Nyemo akatazama kichwa changu, pale mikono yake ilipokuwa imefanya kazi kiangazi kizima, akageuka akaendelea kuanua mboga.

Shangazi ndiye aliyesema. Hakufoka. "Aliyenyoa amelia," alisema. "Na kwenu aliyebaki wa kuliliwa ni mmoja, mgonjwa. Umemlilia mtu anayepumua. Hutaingia ndani alimo, wala hamtakula chungu kimoja, mpaka nywele zako ziote na yeye mwenyewe azipake samli kwa mkono wake. Ukiingia kabla, utakuwa umemsukuma." Mama akasema, "Lakini ameleta chakula." Shangazi akajibu, "Chakula kiingie. Yeye akae nje." Kutoka ndani nikasikia kikohozi cha baba, na baada ya kikohozi sauti yake, kubwa ya makusudi: "Mwacheni! Mimi nimepata bahati. Watu wanakufa bila kujua watoto wao watawalilia vipi. Mimi wangu nimemwona, na amenyolewa vizuri." Mama akacheka huku akijifuta macho. Shangazi hakucheka.

Basi ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Kila baada ya wiki mbili nilikuja na posho, nikaketi nje nimeegemea ukuta uleule ambao baba aliuegemea ndani, na Nyemo akanipikia katika chungu kidogo changu peke yangu. Ukuta wa tembe ni miti na udongo, maneno yanapita. Baba hakuongea nami moja kwa moja, kwa kuheshimu kauli ya dada yake, ila aliongea na Nyemo ili nisikie. "Nyemo, mwulize mgeni wa nje, hao Wazungu wanakula nini leo?" Nami nikajibu kwa Nyemo, aliyekaa kwenye kizingiti katikati yetu: "Mwambie wanakula viazi vilivyopondwa na kabichi iliyochachushwa." Baba akafikiri. "Imechacha, na bado wanaila?" "Wanaipenda." "Hao tuwaonee huruma. Ndiyo maana wamekuja huku." Nilimwambia habari za mgeni aliyelala na buti kitandani, na za wale wawili waliobishana usiku mzima juu ya mbwa. Alicheka mpaka akakohoa, na mama akaniambia kupitia mlangoni ninyamaze. Sijapata kuongea na baba yangu maneno mengi kama mwaka ule ambao sikumwona uso.

Nywele hazikuota. Kila Jumamosi Mzee Hamisi alitunyoa sisi wa mezani, maana Bibi alitaka vichwa visafi kwa chakula cha Jumapili. Jumamosi moja, katikati ya mwaka, alinikuta nimekaa kibandani nimejishika kichwa, akanibana mpaka nikamweleza. Alikasirika sana. "Nilikuuliza!" akasema. "Wallahi nilikuuliza, na wembe uko mkononi! Mbona hukusema?" Akatembea huku na huku, kisha akarudi amepoa. "Basi nimwombe Bibi. Nitamwambia wewe uvae kofia, uache nywele miezi miwili, mitatu, ukamalize jambo lenu. Mimi ndiye ninayempikia, atanisikiliza." Nikamwambia, "Usimwombe, mzee. Atanifukuza." Akasema, "Hajasema bado." Nikasema, "Usimwombe." Akachukua wembe, akaninyoa.

Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi, upande huu na upande ule, kama mtu anayepima mtama na hataki kumwibia mnunuzi wala kujiibia. Upande mmoja: njaa ilikuwa kweli, watu wa jirani walikula mizizi, na posho yangu ndiyo iliyokuwa katika chungu chetu. Kijana anayeogopa kupoteza posho hiyo hana dhambi. Upande wa pili: nilikuwa nimekwisha kukipenda kichwa kile. Nilipenda baridi ya maji juu yake asubuhi, kanzu nyeupe, na jinsi wageni walivyoinua kidole nami nikaja. Nilipenda kupita mbele ya kioo. Ukiniuliza ni upande upi uliokuwa mzito siku ile nilipomkataza Mzee Hamisi, sijui. Nimejaribu kuandika hapa "njaa", nikafuta. Nimejaribu kuandika "kiburi", nikafuta pia. Huenda Bibi angekubali. Huenda angenifukuza kesho yake. Hakuulizwa.

Na kuna hili lingine. Siku moja ya masika, baba alisema kutoka ndani, sauti yake ikiwa imepungua sana, "Nyemo, mwulize mgeni: hizo nywele zimekataa kuota, au zinakatazwa?" Nyemo akanigeukia. Hakurudia swali, alinitazama tu. Nikasema, "Zinakatazwa, baba." Nilijisahau, nikamjibu mwenyewe. "Aah," akasema baba. "Bibi mkali." Nami nikaacha liwe hivyo. Yule mwanamke wa Kijerumani alikuwa na makosa yake, aliwahi kumpiga dobi kwa mwiko mbele yetu, na sikumpenda. Lakini kosa hilo halikuwa lake, na mimi nililiacha limlalie miaka yote, maana mama aliendelea kumlaani kwa hilo mpaka alipokufa.

Mvua zilizofuata zilikuwa njema. Uwele ulisimama juu ya vichwa vya watu, na mama akaanza kusema kwamba mavuno yakiingia naweza kuacha kazi ya Bibi, nywele ziote, mambo yaishe. Hata mimi nilisema hivyo. Nilisema, "Mavuno yakiingia." Wakati wa kuvuna, siku ya Jumatatu, mtu wa kwetu alikuja jikoni kwa Mzee Hamisi akaniambia niende nyumbani. Mzee Hamisi alinifungia mkate kwenye kitambaa, nikaondoka hata kanzu sijavua. Nilikuta watu wamekaa nje. Baba alikuwa amefariki jogoo la kwanza. Waliniruhusu kuingia sasa, kwa kuwa hapakuwa na wa kusukumwa. Alikuwa amekonda kuliko sauti yake. Nilikuwa nikimwaza bado mnene, kwa sababu maneno yaliyokuwa yakipita ukutani yalikuwa ya mtu mnene.

Tulimzika kando ya zizi lake. Siku ya kunyoa ilipofika, shangazi alikaa kwenye kigoda na wembe na kibuyu cha maji, na ungo wa kupokelea nywele ukiwa mbele yake. Mama alinyolewa kwanza, kisha wajomba, kisha Nyemo, ambaye nywele zake zilikuwa nyingi na zilijaza upande mmoja wa ungo. Kisha nikaitwa mimi, mtoto wa kiume pekee. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimenyolewa Jumamosi, kwa ajili ya supu ya Jumapili. Shangazi alinilowesha, akapitisha wembe kutoka utosini mpaka kisogoni, akautazama. Ulikuwa na maji tu. Akapitisha tena, kwa nguvu zaidi, akanikwaruza mpaka damu ikatoka kidogo, na watu wote walikuwa wakitazama ungo. Hakuna kilichoanguka. Nadhani ningependa anitukane. Hakunitukana. Alisema polepole, "Wewe ulikwisha kulia," akaufuta wembe. Hapo Nyemo, aliyekuwa amekaa karibu, kichwa chake sasa kitupu, alinyoosha mkono akachota nywele kidogo kutoka upande wake wa ungo, akaziweka upande wa pili, peke yake, mahali ambapo zangu zingekuwa. Hakunitazama. Shangazi aliona, akageuza uso kama hakuona. Neno hilo sikuwahi kulizungumza na Nyemo, mpaka wiki iliyopita alipozikwa. Nilidhani tutakuwa na nafasi tukizeeka. Tulizeeka, na nafasi zilikuwa nyingi.

Nywele zilipokwisha kuzikwa, jua lilikuwa linashuka. Shangazi aliinuka, akakung'uta nguo zake, akaniambia, "Ingia sasa. Hakuna kinachokuzuia." Nikainama, nikaingia mlangoni, nikakaa mahali nilipoonyeshwa, karibu na mama, ndani ya ukuta. Hapakuwa na unga wa posho mle. Mkate wa Mzee Hamisi walikuwa wamepewa watoto. Jioni ile, vichwa vyetu vyote vikiwa sawa, tulikula katika chungu kimoja ugali wa uwele mpya, mlenda, na maziwa ya mgando ya ng'ombe wa baba.